Bega la nguruwe kwenye jiko jipya la moshi: kutwa nzima bila kupepea mkaa

Mangi_Carolina (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Nimevuta jiko la moshi la mkaa, lile refu lenye vipande vitatu vinavyopandana: chini mkaa, katikati bakuli la maji, juu nyavu mbili za kulazia nyama. Naishi Greensboro, North Carolina, na mji wa Lexington hauko mbali kwa gari, kwa hiyo kulizindua kwa kuku ingekuwa dharau. Huku bega la nguruwe ni jambo zito. Mashariki mwa jimbo wanachoma nguruwe mzima na kumwagia siki yenye pilipili, basi. Upande wa Lexington wanachoma bega tu, juu ya makaa ya mti wa hickory, na siki yao wanaitia nyanya kidogo. Ugomvi wa pande hizo mbili haujaisha na sioni ukiisha.

Nitaweka kila kitu humu, kuanzia kuwasha hadi kula. Nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi. Wasiokula mdudu mnisamehe, ila msiondoke, habari za moto zinamhusu kila mtu.

Nyama. Bega huku huuzwa vipande viwili. Cha juu wanakiita Boston butt, kina mfupa mmoja bapa na mafuta yaliyopenya katikati ya misuli. Cha chini wanakiita picnic, kina ngozi na kinateremka hadi karibu na goti la mbele. Nimechukua cha juu, kilo 3.6, pamoja na mfupa wake. Jana usiku nimekipaka chumvi gramu 10 kwa kila kilo, nikakilaza kwenye friji bila kukifunika. Alfajiri hii nimeongeza pilipili manga ya kutosha, paprika, sukari guru iliyosagwa, unga wa kitunguu saumu na bizari nyembamba kidogo. Sikupaka mafuta wala haradali. Nyama ililowa yenyewe, viungo vimeshika.

Sasa moto, na hapa ndipo sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunapaswa kujizuia mikono. Nyumbani mkaa ni wa kupepea. Ukiwa mtoto unapewa kipepeo au mfuniko wa sufuria na unaambiwa moto usizimike. Kwenye jiko la moshi kazi ni kinyume: unaunyima moto hewa, unautaka usinzie kutwa nzima. Mkaa unajaza mwingi, joto unaliamua kwa matundu.

Nimejaza pete ya chini karibu kilo nne na nusu za mkaa ambao haujawashwa, nikachimba shimo dogo katikati, nikamwaga humo makaa kama ishirini yaliyokolea. Mtindo huu huitwa wa Minion, kwa jina la Jim Minion aliyeufanya maarufu. Moto unatoka katikati na kula pembeni taratibu, hauwaki wote kwa pamoja. Juu ya mkaa nimelaza vipande vinne vya hickory, kila kimoja ukubwa wa ngumi.

Matundu matatu ya chini niliyaacha wazi mpaka joto la kwenye wavu lilipofika nyuzi 95, nikaanza kuyabana moja moja kabla halijafika 110. Hili ni muhimu: ukisubiri lifike 130 ndipo ubane, utahangaika nusu saa kulishusha. Tundu la juu kwenye mfuniko huwa sifungi kabisa, kwa sababu moshi usiopata pa kutokea unalala juu ya nyama na kuacha ladha ya masizi.

Nyama imeingia saa 11 alfajiri. Nitarudi.

Mzee wa Mbezi Juu

Nimeweka kambi hapa. Mangi, hilo jiko ni jipya kabisa? Uliliosha?

Mangi_Carolina

Shikamoo mzee. Jipya kabisa. Nyavu nimeziosha kwa sabuni, halafu wiki iliyopita nikaliwasha tupu, bila nyama, matundu wazi kwa saa tatu hivi ili mafuta ya kiwandani yaungue. Faida ya pili ya kuliwasha tupu ni kulijua. Jiko jipya huwa linakimbia joto, kwa sababu ndani kunang'aa na pale mlango unapokutana na bati pana upenyo unaoingiza hewa usiyoitaka. Likishapikiwa mara kadhaa, masizi na mafuta huziba zile nyufa zenyewe na joto linatulia. Kwa hiyo leo natazama kipimajoto zaidi ya nitakavyotazama mwakani.

Kaka Sinza

Wakuu naomba kueleweshwa. Kitimoto pale kwetu ukiagiza kilo, unakunywa soda mbili, nyama hii hapa na ndizi na limau. Huyu ndugu ameamka saa 11 alfajiri. Wazungu wanaupata wapi muda?

Dada Kibosho

😂😂 Mwache mwenzio, yuko likizo.

Mangi_Carolina

Kaka Sinza, hata mimi kitimoto ya rosti siiachi. Ila ile inakatwa vipande vidogo, inachemka na kukaangika kwa mafuta yake mwenyewe, unaitafuna na mfupa. Hapa bega linaingia zima, na limejaa tishu ngumu zinazounganisha misuli. Ukilitoa kwenye nyuzi 70 limeiva, salama kuliwa, lakini utatafuna mpaka taya ziume. Zile tishu zinahitaji joto la juu zaidi na muda mrefu ndipo ziyeyuke na kuwa ute. Karibu nyuzi 93 hadi 96 nyama inachambuka kwa vidole. Huwezi kuharakisha kwa moto mkali, nje kutaungua ndani kungali kugumu.

Na kuhusu wazungu: kazi hii kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, wakiwemo waliokuwa watumwa, waliokesha mashimoni na nguruwe mzima juu ya makaa. Mpaka leo majina makubwa ni yao. Rodney Scott wa South Carolina alitwaa tuzo ya wapishi ya James Beard mwaka 2018 kwa nguruwe mzima wa kuni.

Njoro_254

Wadau, salamu kutoka Ngong. Nimenunua kipimajoto cha dijitali cha kuchoma nyama, nikakijaribu kwenye maji yanayochemka. Kinasoma 93. Nikirudishe dukani?

Mangi_Carolina

Usikirudishe, Njoro. Ngong iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa joto lililopungua takriban nyuzi moja. Kwako 93 na ushee ndiyo sahihi. Mtu wa Mombasa akisoma 93, hicho ndicho kibovu. Ukitaka jaribio lisilojali mlima wala pwani, ponda barafu, ijaze kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka ncha katikati bila kugusa kikombe. Isome 0.

Kile kipimajoto kilichofungwa kwenye mfuniko usikiamini sana. Kiko juu, mbali na nyama. Changu na kile cha kwenye wavu vimepishana nyuzi 15 leo asubuhi.

Njoro_254

Asante kaka, umeniokolea safari ya town.

Mangi_Carolina

MREJESHO, saa 5 asubuhi.

Joto la jiko limekaa kati ya 107 na 115, tundu moja tu la chini liko wazi, tena nusu. Ndani ya nyama ni 67. Moshi wa saa ya kwanza ulikuwa mweupe mzito, kisha ukawa mwembamba wa bluu usioonekana vizuri mpaka usimame upande wenye kivuli. Huo ndio tunaoutaka. Mweupe mzito maana yake kuni zinafukuta badala ya kuungua vizuri, na nyama inakuwa chungu.

Nilifunua kwa mara ya kwanza saa 3. Mafuta yalikuwa yamesimama juu ya viungo kama jasho, na rangi imeanza kuwa nyekundu ya udongo wa Marangu. Nimefunika haraka. Kila ukifunua unaingiza hewa, na hewa ni moto.

Mzee wa Mbezi Juu

Swali langu sasa. Sina hela ya jiko la dukani. Fundi wangu wa kuchomelea anasema atanikatia pipa la lita 200. Analo tayari, anasema lilikuwa na dawa ya magugu ila ameliosha. Nifanyeje?

Mangi_Carolina

Mzee wangu, hilo pipa la dawa likatae hata akikupa bure. Tafuta lililobeba mafuta ya kula au juisi. Hata hilo, wachome kwanza kuni nyingi ndani mpaka rangi ya ndani na nje ibabuke yote, walisugue kwa brashi ya waya, halafu lipakwe mafuta ya kula na kuwashwa tena mpaka liwe jeusi kavu.

Mchoro wenyewe ni rahisi. Kapu la mkaa likae chini, liwe na miguu mifupi ili majivu yadondoke bila kuziba hewa. Wavu wa nyama uwe sentimita 60 hivi juu ya mkaa; ukiukaribisha zaidi, itakuwa nyama choma ya kawaida. Chini, kuzunguka pipa, matundu matatu ya upana wa sentimita 2 hadi 2.5, kila moja na kifuniko kinachosogea. Juu kwenye mfuniko, bomba au matundu yenye jumla ya upana unaolingana au kuzidi kidogo ya chini.

Mwambie fundi asitumie wavu wala mabomba yaliyopakwa zinki. Ile rangi ya fedha ikipata joto kali inatoa moshi wa sumu. Chuma tupu au chuma cha pua.

Kaka Sinza

Na kuni? Hickory tutaitoa wapi Mbezi?

Dada Kibosho

Kwetu tunatumia mpera. Shangazi yangu anakaushia samaki kwa mpera na mwembe, moshi wake mtamu haukabi koo.

Mangi_Carolina

Dada Kibosho amemaliza. Miti ya matunda karibu yote inafaa: mpera, mwembe, mchungwa, mlimao. Iwe imekauka vizuri, isiwe na ukungu. Epuka msonobari na mti wowote wenye utomvu, epuka mkaratusi na mwarobaini kwa sababu ya mafuta na uchungu wake, na mbao za ujenzi zenye dawa au rangi usizisogelee. Huhitaji kuloweka vipande. Maji hayaingii ndani ya kuni kwa maana, yanachelewesha tu na kutoa mvuke.

Mkaa wa gunia wa nyumbani ni bora kuliko mnavyodhani. Huku mkaa wa namna hiyo, wa vipande vya mti halisi, unauzwa bei juu kwa watu wanaojidai wanajua. Wengi wanatumia vitofali vilivyoshindiliwa, ambavyo Henry Ford alivifanya biashara miaka ya 1920 kutokana na mabaki ya mbao za viwanda vyake vya magari. Ndiyo mwanzo wa Kingsford, chapa ya mkaa ya huku. Uzuri wa vitofali ni kwamba vinalingana, moto hautetereki. Mkaa wa gunia una mapande na vumbi. Uchambue: mapande makubwa chini, madogo juu, chenga na vumbi weka pembeni maana vinaziba hewa.

Msichana wa Ghorofa

Jamani mimi nakaa ghorofa ya nne, kibaraza changu kina vioo vya kufunga. Nikifungua dirisha moja si inatosha?

Mangi_Carolina

Haitoshi, dada. Mkaa ulionyimwa hewa ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu na haioneshi dalili mpaka umeshalegea. Nje kabisa, uwanjani, mbali na madirisha. Gereji yenye mlango wazi pia hapana. Nenda kwa ndugu mwenye uwanja, mgawane nyama.

Abuu Swafwan

Assalamu alaykum jamaa. Mimi nasoma uzi huu kwa ajili ya moto, nguruwe hainihusu. Nipo Muscat, nina pipa langu. Je, kwa mbuzi au ng'ombe mahesabu ni haya haya?

Mhaya wa Houston

Waalaykum salaam, sheikh. Hapo mimi ndiye wa kuulizwa, Texas ni ng'ombe. Chukua nyama ya bega la ng'ombe upande wa shingoni, kilo 2 hivi, yenye mafuta ndani. Joto la jiko 115 hadi 120, chumvi na pilipili manga tu. Ikifika 74 ifunge kwa foili na vijiko vichache vya mchuzi, itoe kwenye 95 au ukichomeka kijiti kikaingia bila kukwama. Usishangae ikikaa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, ng'ombe ni mkaidi.

Mbuzi ana mafuta kidogo, kwa hiyo bega lake, pamoja na mfupa, lifunge mapema, ukiona 65 au rangi imekaa vizuri. Kuanzia 90 anaanza kuachia mfupa. Mbuzi mzee ni mtamu zaidi kwa kazi hii, ila mpe muda.

Na wewe Mangi, saa hizi si umeshakwama?

Mangi_Carolina

😂 Ametabiri. Saa 7 mchana, nyama imesimama kwenye 69 kwa saa nzima na zaidi. Mke wangu ameshauliza kama betri ya kipimajoto imeisha.

Kwa wasiojua: nyama kubwa ikifika kati ya 65 na 75 joto lake husimama, wakati mwingine hata kurudi nyuma, hali jiko liko vile vile. Watu walikuwa wanasema ni mafuta yanayeyuka. Mwanafizikia Greg Blonder alilijaribu: aliweka sponji lililolowa na kipande cha mafuta matupu kwenye joto moja. Sponji likasimama, mafuta yakaendelea kupanda. Kinachotokea ni nyama kutoa jasho. Maji yanayovukizwa juu yanaipoza kwa kasi ile ile ambayo jiko linaipasha. Ikishakauka nje, inaanza kupanda tena.

Kuna njia mbili hapa. Unasubiri, au unaifunga ili mvuke usitoroke. Mimi naifunga ikifika 74, kwa karatasi ya kahawia ya buchani, tabaka mbili.

Mhaya wa Houston

Nilijua tutafika hapa. Ukiifunga unaua lile gamba la nje. Umelijenga kwa saa nane, halafu unalichemsha kwenye karatasi. Mimi siifungi. Nasubiri.

Mangi_Carolina

Karatasi inapumua, gamba halilowi kama kwenye foili. Halafu wewe ukisubiri, wageni wako wanakula saa 4 usiku. Wangu nimewaambia saa 12 na nusu jioni, na kuna watoto.

Mhaya wa Houston

Mgeni wa nyama ya moshi anaambiwa siku, haambiwi saa.

Njoro_254

Hapo kwa siku nimecheka sana. Lakini Mangi, nje ni moto tu wa mkaa wenye bakuli la maji juu yake. Kwa nini usiingize oveni baada ya kuifunga? Moshi si hauingii tena?

Mangi_Carolina

Unaweza, na hakuna atakayejua. Ikishafungwa, joto ni joto. Oveni ya 120 inamaliza kazi, unaokoa mkaa. Mimi naiacha nje kwa sababu mkaa bado upo zaidi ya theluthi, na sitaki kupasha nyumba moto mwezi wa saba.

Mganga wa Mifugo

Wadau, nimesoma kimya, niongeze moja kwa walioko Tanzania, Kenya na Uganda. Nunueni nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nguruwe wanaoachwa wazurure wakala vinyesi vya binadamu hupata tegu, na ndani ya nyama utaona vijipunje vyeupe vilivyojaa maji. Mbulu na Mbozi kumefanyika tafiti nyingi za jambo hili. Kupika kwa namna ya uzi huu, hadi 95 katikati ya nyama, kunaviua kabisa. Hatari ni ile nyama iliyochomwa haraka kwa moto mkali, nje nyeusi, katikati bado inavuja damu.

Watu wengi wanachanganya hapa: ukila nyama yenye vijipunje hai unapata mnyoo wa tegu tumboni. Kifafa kinacholetwa na tegu kinatokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo mboga za kachumbari zioshwe na mpishi anawe mikono, hata kama nyama imeiva vizuri.

Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu, lakini inafyeka banda zima. Mabaki ya nyama mbichi na maji ya kuoshea msiwape nguruwe.

Dada Kibosho

Asante daktari. Wengine humu wanadhani limau linaua kila kitu.

Mangi_Carolina

MREJESHO WA MWISHO, na samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nakula.

Niliifunga saa 8 mchana. Baada ya hapo ilipanda bila kusita. Saa 10 na nusu ilikuwa 91, nikaanza kuichoma kwa kijiti sehemu mbalimbali badala ya kutazama namba. Upande wa mafuta kijiti kilizama chenyewe, upande wa pili kilikuwa bado kinashikwa. Saa 11 jioni, 95, kikazama kila mahali. Nikaitoa, nikaiacha wazi dakika kumi mvuke upungue, nikaifunga tena na kuilaza ndani ya deli lisilo na barafu, nimeizungushia taulo kuukuu. Imekaa humo saa moja. Hatua hii msiiruke: ukiichambua ikitoka tu jikoni, maji yote yanabaki kwenye ubao. Ukichelewa kula pia si tatizo, deli zuri linaishikilia juu ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, na maadamu haijashuka hapo iko salama.

Mfupa sasa. Nilishika ncha yake kwa kitambaa, nikauzungusha kidogo kushoto na kulia. Ukatoka mweupe, mkavu, hauna hata uzi wa nyama. Gamba la nje lilikuwa jeusi, likipasuka linaonesha utepe wa pinki, kisha nyama ya kijivu inayong'aa kwa ute. Nilichambua kwa mikono, glavu za pamba ndani na za mpira juu, mafuta makubwa nikayatoa, gamba nikalikatakata na kulichanganya ili kila mtu alipate. Kilo 3.6 zimebaki kama kilo 2.2. Ndivyo inavyokuwa, hesabuni hivyo mnapokaribisha watu.

Msichana wa Ghorofa

Huo utepe wa pinki si mbichi?

Mangi_Carolina

Hapana dada. Gesi za moto wa mkaa na kuni zinashikana na rangi nyekundu ya nyama, zinaizuia isigeuke kijivu. Inatokea wakati nyama bado haijapata joto sana, ndiyo maana iko pembeni tu. Ubichi unaupima kwa kipimajoto, rangi inadanganya.

Kaka Sinza

Sosi na kisindikizio? Usiniambie mkate.

Mangi_Carolina

Wageni wamarekani walipewa mkate, sisi wengine ndizi za kuchoma na ugali. Sosi nilifuata Lexington: siki ya tufaha kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, sosi ya nyanya nusu kikombe, sukari kijiko kikubwa, chumvi, pilipili manga, pilipili kichaa kavu iliyosagwa. Chemsha dakika tano tu. Nyepesi kama maji, inaingia ndani ya nyama. Kabichi nayo wanaikatakata na kuichanganya na sosi hiyo hiyo, haina mayonezi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Moshi mwezi uliopita, aliionja akasema hii ni kachumbari, akaomba kitunguu na nyanya aiongezee. Ikawa nzuri zaidi, wala sikuwaambia watu wa Lexington.

Mhaya wa Houston

Gamba lilikuwaje? Sema kweli.

Mangi_Carolina

Upande wa juu lilikuwa kavu na linakatika. Chini, pale nyama ilipolalia karatasi, lilikuwa limelainika. Nakupa pointi moja.

Mhaya wa Houston

Imepokelewa. 🫡

Njoro_254

Iliyobaki unaihifadhi vipi? Yangu itakuwa nyingi, tuko wawili tu.

Mangi_Carolina

Ichambue yote ingali moto, changanya na ule mchuzi uliobaki kwenye karatasi, gawanya kwenye mifuko midogo, ilaze bapa ipoe haraka, friza. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ukiitaka, yeyusha kwenye friji, pasha kwenye sufuria yenye kifuniko na kijiko cha siki. Asubuhi ya pili mimi huikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka ncha zikauke, naivunjia mayai.

Mzee wa Mbezi Juu

Wanangu, fundi amemaliza pipa. Tumepata la mafuta ya alizeti, limechomwa mpaka limekuwa jeusi. Leo nimeliwasha tupu na mkaa wa gunia na vipande vya mpera. Matundu yote matatu wazi lilifika 160 likanitisha. Nimefunga mawili, la tatu nusu, limeshuka pole pole na sasa linacheza 118 hadi 125 kwa saa mbili. Mama anasema harufu imefika kwa jirani. Jumamosi naweka bega. Nishushe mpaka 110 kama wewe?

Mangi_Carolina

Hongera mzee! Usihangaike kulishusha. Pipa halina bakuli la maji, hiyo 120 ndiyo mahali pake, na bega halitalalamika, litaiva mapema kidogo tu. Jumamosi makaa ya kuanzishia yawe machache zaidi ya leo, na anza kubana kwenye 95. Mafuta yatadondokea makaa, kwa hiyo upande wa mafuta ugeuze chini uikinge nyama. Ukiona moto umeruka usifunue, bana tundu la chini usubiri dakika kumi.

Mzee wa Mbezi Juu

Na kipepeo?

Mangi_Carolina

Kipepeo mfichie mama, mzee. Ndiye atakayekuja kupepea.